Dada Kikopo Anaaga Kliniki ya Uzazi

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, muuguzi mkuu wa kliniki yetu ya uzazi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Alipoanza kazi alikabidhiwa meza ya miguu mitatu, kalenda ya mwaka uliopita na boksi la vikopo vya plastiki. Meza ilibadilishwa. Vikopo vilimpa jina, na hata barua yake ya kustaafu nusura ichapwe "Ndugu Kikopo".

Kwa wageni wasiotufahamu, hapa huja watu wanaotafuta mtoto na hawajampata. Sababu ni nyingi na wala si za ajabu: mayai yasiyopevuka kwa wakati, mirija iliyoziba kwa maambukizi ya zamani, uvimbe kwenye kizazi, umri uliosogea, mbegu za kiume zilizo chache au zinazojikokota. Dada Kikopo huyaeleza yote kwa dakika nne, kwa sauti ileile anayoagizia chai. Ni hizo mbegu zilizompa kazi kubwa. Wanaume walikipokea kikopo cha kuwekea mbegu za kupimwa kana kwamba kimetoka motoni. Mmoja aliuliza kama ni lazima kijae. Mwingine alidharau vyombo vyetu akaja na chupa yake ya nyumbani isiyooshwa vizuri, na mtu wa maabara akaandika kwenye fomu: "Jemu ya nanasi."

Tunalolisimulia zaidi ni la dereva wa lori. Mkewe, fundi cherehani, aliletwa na mama mkwe wake. Mama huyo alieleza kwamba binti ana miaka mitano ndani ya nyumba na hakuna kitu, na kwamba mwaka ukiisha hivyo hivyo atarudishwa kwao. Binti alikuwa akitazama viatu vyake. Dada Kikopo akauliza kwa upole ndoa ile ina watu wangapi. Mama akahesabu watatu, na yeye akiwamo.

"Mimi napima wawili, mama," alisema Dada Kikopo. "Wa tatu atatusubiri nje."

Vipimo vya mke vilitoka vizuri: yai linapevuka, mirija iko wazi. Mume hakutaka kupimwa, kwa maelezo kwamba hajawahi kuumwa hata kichwa. Tangu hapo kila mara alimleta mkewe, akaziba nusu ya maegesho kwa lori lake na kubaki kwenye usukani. Mara ya tatu Dada Kikopo alitoka na kikopo mfukoni, akapanda lori kwa taabu, maana ngazi zile hazikutengenezewa sketi ya muuguzi, akakaa kiti cha utingo dakika arobaini. Walichozungumza hatukijui hadi leo. Tulimwona tu dereva akishuka, macho chini, akielekea chumba cha mwisho wa korido.

Majibu yalionyesha mbegu chache, kwa sababu ya mishipa iliyovimba kwenye korodani, tatizo la kawaida na mara nyingi linatibika. Dereva alilia. Mama yake, aliyekuja na hotuba, aliimeza. Dada Kikopo aliwapa wote maji, akawaambia kwamba hapa hapana wa kulaumiwa, kuna mishipa tu.

Upasuaji mdogo ulifanyika. Baada ya miezi sita mbegu ziliongezeka, lakini mimba haikuonekana. Ndipo Dada Kikopo akazungushia siku za rutuba za mke kwa wino mwekundu kwenye kalenda, kisha akaziweka kando ya safari za mume. Miezi yote sita, siku nyekundu zilimkuta jamaa barabarani. Akampigia simu meneja wa usafirishaji, akaomba dereva apangiwe zamu upya kwa sababu za kiafya. Meneja akauliza ni ugonjwa gani. Akajibiwa ni wa tarehe.

Mwaka uliofuata alizaliwa msichana mwenye sauti ya honi. Mama mkwe alikuja kliniki akamwomba mkwewe radhi mbele yetu sote, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

Si wote walioondoka na mtoto. Dada Kikopo mwenyewe na mumewe, mwalimu wa hesabu, walipimwa kila kinachopimika na hakikuonekana kitu. Daktari aliandika "sababu haijulikani", na mwalimu akalalamika wiki nzima kwamba hilo si jibu. Kisa hiki chao wenyewe aliwasimulia waliokata tamaa, mlango ukiwa umefungwa. Walitoka macho mekundu, wengine wakicheka.

Kamati ya hafla ilipendekeza watoto wote waliopatikana kupitia kliniki waje siku hiyo, wajipange uani na kumpungia mkono. Alishukuru, akakataa.

"Siku hiyo pia nina foleni," alisema. "Sitaki mtu apite katikati ya watoto wa wenzake ndipo anifikie mimi."

Kwa hiyo tutamuaga jikoni, mgonjwa wa mwisho akishaondoka. Wenye vigelegele wavishikilie hadi hapo.

Dada yetu, ahsante kwa miaka yote hii. Lala hadi jua likuchoke, uwe na afya, mwalimu asikuhesabie vijiko vya sukari. Jumatatu tutafungua mlango wako saa mbili kamili kama ulivyotufundisha, na atakayeingia tutamvutia kiti kwanza, kabla ya kumuuliza lolote.