Warusi Vitani, Chai Jikoni

Basi namba 16 lilikuwa limeshatoka Minneapolis, baridi ya mwaka 1996, muuguzi Mkenya aliyekaa mbele yangu alipomuuliza jirani yake, Mtanzania aliyesomea Leningrad, kitabu chake cha Kirusi kinahusu nini.

“Wanajeshi wao kule Afghanistan, dada.”

“Na hapo umefika wanafanya nini?”

“Wanachemsha chai.”

“Kwani walivuka mpaka kuchemsha chai?” Alicheka mpaka dereva akatutazama kwenye kioo.

“Ndivyo waandishi wao walivyo. Vita vya nyumbani wanavipigia tarumbeta. Vya ugenini wanaandika chai, matope, barua ya mama.”

“Huo ni uvivu, kaka. Mimi ningesema yote.”

Nilimwamini. Tangu tupande alikuwa ameshatusimulia ndoa mbili za shangazi yake.

“Wewe umewahi kuona vita?” akauliza.

“Nilikwenda Uganda na jeshi letu, sabini na tisa.”

“Wueh! Kulikuwaje?”

Yule bwana alifunga kitabu, akavuta kamba ya kengele. “Ndizi zilikuwa zinaivia migombani,” akasema. “Hapakuwa na wa kuzikata.”

Basi likasimama, akashuka. Dada akapangusa ukungu kwenye dirisha, akamfuata kwa macho mpaka basi lilipokata kona.