Damu ya Joëlle Chisanga Ilikuwa Yake Mwenyewe

Bapendwa, jamaa imenituma mimi Casimir, yaya yake, mukubwa wake wa tumbo moja, nisome maisha ya Mama Joëlle Chisanga, lakini siwezi kuanza na kuzaliwa kwake bila kusema kwamba ni mimi niliyemuondosha katika kwaya, kwa neno ambalo halikuwa kweli, na ni sababu yangu kwaya inakaa kimya leo kwenye kilio chake.

Joëlle alizaliwa Mokambo tarehe 14 Mei 1985, akasoma huko shule ya msingi, akaja Lubumbashi kujifunza kushona, kisha akafanya biashara ya vitenge. Tarehe 8 Agosti 2009 aliolewa na Anaclet Ngosa, bakakaa Bel-Air, Mungu akabapa batoto babili, Mapalo na Chancelvie. Bote munajua namna alikuwa anacheza na kwaya wakati wa matoleo.

Mwaka 2021 nyonga ya kuume ilianza kumuuma, akashika fimbo. Mwezi wa ine, Aprili 2023, bwana yake alimupeleka hospitali Zambia, munganga akapitisha kamera ndogo kwa matundu mawili, akashona mahali palipopasuka ndani ya nyonga, kisha akatoa damu mu mukono wake, akaizungusha ku mashini, akachukua sehemu inayosaidia mwili kujiponya, akairudisha mu nyonga ile, akisema wazi kwamba inaweza kusaidia, lakini yeye haahidi.

Miezi ikapita, Joëlle akaacha fimbo, akanieleza yote akicheka, eti yaya, hawakunipa hata damu ya muntu mwingine, ni yangu tu. Mimi shemasi, niliyekasirika sababu alienda bila kuniuliza, nilisema mu maombi kwamba damu iliyotoka na kurudi imeisha kufanyiwa kazi ya giza, na bantu bakaamini, sababu jana alichechemea na leo anacheza. Sikuuliza munganga yeyote. Kwaya ikamukataa, akahamia benchi ya nyuma, na miguu yake mizima.

Pasaka ya mwaka huu munganga mumoja wa hapa mujini alinieleza kwamba ni matunzo ya kawaida, nikaona haya, nikangojea siku muzuri ya kumuomba musamaha. Malaria haikungojea, ilipanda ku kichwa, akatuacha tarehe 12 Juni 2025.

Tunashukuru banganga na banesi, majirani ya Bel-Air, benzake ba soko, na shemeji Anaclet, aliyejua yote na bado akaniachia nisome.

Joëlle, mudogo wangu, Bwana akupumuzishe.

Na wewe, Mama Delphine, mukubwa wa kwaya, ninakuomba mbele ya bantu bote, simama na benzako, mumuimbie na mumuchezee mupaka ku kaburi.