Shigeru Saeed Onodera, Beki Aliyebeba Kosa la Mwenziwe
9 Novemba 1960 – 13 Januari 2026

Assalaamu alaykum nyote mlioko barzani, na nyinyi kina mama mlio ndani mnaotusikia kwa kipaza sauti. Kwetu mtu akifa huzikwa, tukamsomea khitma, tukakaa azaa siku tatu. Kusomewa maisha yake mbele za watu hatukuzowea. Lakini binti wa marehemu, Kawthar, ameomba yaandikwe, ili na shangazi yake aliyeko Japani apelekewe karatasi yake. Nimeandika mimi, Mahfoudh, kaka wa mjane, niliyekuwa meneja wa timu na kukaa na marehemu kwenye benchi moja miaka kumi na moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1960 katika mji wa Fujieda, mkoa wa Shizuoka, mtoto wa pili wa mkulima wa chai. Mpira wake wa mwanzo aliuchezea kando ya shamba. Ukiingia kwenye chai, babake hupiga kelele. Basi yeye akawa anasimama nyuma ya wenzake kuuzuia. Ndivyo alivyoingia kwenye ubeki.

Skuli alimaliza hapohapo Fujieda, Machi 1979, akiwa nahodha wa timu. Somo alilolipenda lilikuwa hesabu. Nishikieni neno hilo, tutalirudia.

Mwaka huohuo aliajiriwa na kiwanda cha vipuri vya pikipiki kilichokuwa na timu yake. Asubuhi alifunga boliti, mchana alifanya mazoezi, na hivyo hivyo kwa miaka kumi na tatu, mpaka goti la kushoto lilipomtoa uwanjani mwaka 1992. Mwaka uliofuata kwao ndiyo ikaanzishwa ligi ya kulipwa. "Mimi nimefagia uwanja," akisema, "wenzangu wakaja kucheza." Akisema hivyo akicheka.

Alifika Maskati tarehe 2 Septemba 1997 kufundisha vijana, na mwaka 2003 akaichukua klabu yetu ya Shuhub, ambayo wakati ule hata wake zetu walikuwa wanaionea haya. Kiswahili alikijua kabla ya Kiarabu, maana nusu ya wachezaji nyumbani kwao ndicho kinachosemwa. Mabeki aliwaambia, "Usitazame mpira, mpira mwongo. Tazama kiuno cha mtu." Mwaka 2007 tukapanda daraja la kwanza.

Alisilimu mwaka 1998. Alipokuja kwetu Bawshar kumposa dada yangu Ghaliya, wazee walikuwa na mashaka, na mama yetu, Bi Jawaher, Mungu amrehemu, alikuwa na mashaka kuliko wote. Mlangoni viatu vya wageni vimerundikana kama samaki sokoni. Marehemu kabla ya kuingia akachutama, akavipanga vyote jozi jozi, ncha zikatazama nje, ili kila mtu akitoka avae tu aende zake. Mama alikuwa dirishani. Akasema, "Mwanamme anayevitengeza viatu vya watu asiowajua, mnamuuliza nini tena? Mpeni!" Ruhusa ya wizara ya kuolewa na mgeni ilichukua miezi kumi, na nikaha ikafungwa Ijumaa, tarehe 12 Februari 1999.

Sasa nnafika pahala ambapo dada yangu aliniambia, "Kaka, pale papite." Ghaliya, nisamehe. Sipapiti.

Jumamosi ya tarehe 19 Aprili 2014 tulimchezesha kiungo wetu, Suud, akiwa na kadi mbili za njano, na kwa kanuni hakuruhusiwa kucheza. Tulishinda uwanjani, tukanyang'anywa pointi tatu, tukashuka daraja. Kila mmoja hapa anajua kuwa kocha ndiye aliyekosea. Hivyo ndivyo mlivyoambiwa. Sivyo ilivyokuwa.

Kuzijua kadi ni kazi ya meneja. Alkhamisi kabla ya mechi marehemu aliniuliza, "Shemeji, Suud ana kadi ngapi? Mimi nnadhani mbili." Nikamjibu, "Moja. Wewe panga timu, karatasi niachie mimi." Sikuwa nimeitazama karatasi hata mara moja. Naye aliniamini mimi, akaacha kuziamini hesabu zake.

Kwenye kikao, mwenyekiti wetu, Muhanna, aliuliza ni nani aliyekosea. Marehemu akasimama, akainama mpaka kiuno, akasema, "Kocha ni mimi. Kosa langu." Nilikuwa kiti cha pili kutoka kwake. Garini nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwetu timu ikianguka, anayesimama mbele ni kocha. Na wewe klabu bado inakuhitaji." Nikatia gari moto. Mwaka uliofuata nikachaguliwa makamo wa mwenyekiti. Yeye hakupata klabu tena. Miaka tisa aliuza viatu vya mpira katika duka moja la Madinat Sultan Qaboos, akipiga magoti kuwafungia kamba watoto wa wachezaji wake mwenyewe. Na mwanawe Jaifar, skuli, wenziwe wakimwambia, "Babako hajui kuhesabu mpaka mbili!"

Mei 2024 alionekana na saratani ya kongosho. Septemba iliyopita nilikwenda kumtazama, nikamwambia, "Shemeji, lile jambo nitalisema." Akanijibu, "Beki akishapitwa hagombani na refa, hurudi golini. Watu waache. Lakini Jaifar mwambie." Nikasema kesho. Nilisema kesho miezi minne. Alifariki nyumbani kwake, Bawshar, Jumanne, tarehe 13 Januari 2026, baada ya sala ya alfajiri, akazikwa siku ileile baada ya alasiri. Alipokuwa anashushwa kaburini nilikuwa nimesimama bega kwa bega na Jaifar. Hata pale sikusema.

Jaifar, mwanangu, babako alijua kuhesabu mpaka mbili. Asiyejua ni mimi mjomba wako.

Marehemu ameacha mjane, Ghaliya; watoto wawili, Jaifar na Kawthar; na dada yake mkubwa huko Fujieda. Ameacha pia shemeji mmoja.

Kwa desturi, mwenye msiba huwaomba watu wamsamehe marehemu pale alipowakosea. Leo siwezi kuwaomba hilo, maana aliyekosewa ni yeye. Nnaomba radhi kwa mkewe na wanawe, na wasiponipa leo nitarudi kuomba.

Mkitoka mtavikuta viatu vyenu vimepangwa, ncha zinatazama nje. Nimevipanga mimi, na sikuvipanga vizuri kama yeye.

Mola amghufirie, ampe raha huko alikotangulia, ampumzishe na mzigo usiokuwa wake. Amin.