Mama Treni, Aliyetuchagulia Gari la Kuvuta Vyoo

Ijumaa hii, tarehe thelathini, dereva mkuu wa kampuni yetu anakabidhi funguo baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Wateja wengi hawamjui kwa sura. Lakini kila aliyewahi kuhudhuria harusi, mahafali au mkutano wa hadhara uwanjani, akabanwa, akaangaza macho huku na huku na kisha akapata nafuu, ana deni la shukrani kwake. Sisi hukodisha vyoo vya kuhama, na yeye ndiye aliyevihamisha.

Aliajiriwa akiwa mama wa mtoto mmoja wa kike, wakati kampuni ikiwa na lori moja, trela moja na mkurugenzi mmoja. Siku ya usaili aliulizwa kama anaweza kurudi kinyumenyume na trela. Alichukua funguo, akalirudisha trela la vyumba vinne kupitia geti la yadi, akalipitisha kuzunguka tangi la maji, akaliegesha pembeni kabisa ya meza ya wasaili, kisha akashuka na kuwauliza kwa upole kama wangependa lisogee kidogo. Mmoja wao alikuwa ameshapanda juu ya kiti. Jina la Mama Treni alilipata siku hiyo hiyo, na hata mumewe, mshona mapazia, hivi sasa humwita hivyo mbele ya wageni.

Tusimpambe kupita kiasi, kwa sababu atasoma. Si mtu rahisi kufanya naye kazi. Huendesha polepole mno hata baiskeli humpita zikimpigia kengele. Hapokei simu akiwa barabarani. Huiweka ndani ya mkoba, mkoba chini ya kiti, na akiisikia ikilia huimba kwa sauti zaidi. Hakuwahi kumruhusu mtu mwingine aegeshe trela, hata alipokuwa na mkono kwenye bendeji. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna sherehe iliyoanza kabla vyoo havijafika.

Kazi iliyompa heshima kubwa kuliko zote ni ile ya kuchagua gari, na hiyo inabidi tuisimulie yote.

Lori letu la zamani lilikuwa limefikia umri wa kukohoa. Kwenye harusi moja ya watu wenye nafasi zao lilizima katikati ya njia, na lilipowaka likatoa moshi uliomfanya bwana harusi apotee machoni pa bibi harusi kwa muda wa kutosha wageni kuanza kunong'ona. Mkurugenzi alirudi ofisini na uamuzi. Kampuni itanunua gari moja la kufanya kazi mbili: mwisho wa wiki livute vyoo, katikati ya wiki limpeleke yeye kwenye mikutano. Lazima liwe gari kubwa la kifahari, ili bibi harusi asione haya. Liwe na nguvu, maana trela lenye maji tangini ni zito kama nyumba. Na liwe la kuaminika, la kuwaka kila asubuhi bila kubembelezwa. Jipya lilikuwa nje ya uwezo wetu, kwa hiyo litafutwe lililotumika. Mchaguzi: Mama Treni.

Hapo ndipo mambo ya kazini yalipoingia nyumbani kwake. Mume wa binti yake ni dalali wa magari, kijana mtanashati mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Kesho yake tu alifika yadi na gari jeusi linalong'aa kiasi kwamba mlinzi alilitumia kunyoa ndevu. Lilikuwa na skrini kubwa kama sinia, paa la kufunguka, na badala ya springi lilikuwa na mifuko ya hewa, hivi kwamba ukilizima linashuka taratibu na kupiga magoti.

"Mama, hili lina adabu," alisema mkwe. "Linakusujudia kabla hujashuka."

Fundi wetu alijilaza chini ya gari lile kwa muda mrefu. Aliponyanyuka, alinusa kidole chake chenye mafuta ya gia, akasema, "Mh," akaenda kunywa chai.

Mama Treni aliielewa ile "mh". Mafuta ya gia yanayonuka kuungua ni dalili ya gari lililobebeshwa mzigo likachoka, na mifuko ya hewa iliyozeeka haipendi trela zito. Lakini utamwambiaje mkwe wako, mbele ya watu, kwamba gari lake ni bovu? Binti alikuwa anapiga simu asubuhi na jioni kuuliza kama mama ameshalipenda. Mumewe alimshauri augue mpaka jambo lipite. Mwishowe aliamua kwamba gari hilo, pamoja na mengine mawili yaliyoletwa na wauzaji wengine, yatalivuta trela lile lile, likiwa limejaa maji, kupita matuta ya barabara ya maghala hadi juu ya kilima chenye matangi ya maji ya mji.

"Kilima hakina mkwe," alisema.

Siku ya majaribio, kabla ya safari ya kwanza, mkurugenzi aliingia chumba namba tatu kukagua kioo kipya cha ukutani. Mama Treni, kama ilivyo desturi yake, alilizunguka trela akigonga kila mlango na kuuliza, "Kuna mtu?" Mkurugenzi alilelewa vizuri. Si mtu wa kujibu akiwa chooni, hata kama anachana nywele tu. Mama Treni akayafunga makomeo ya nje, yale yanayozuia milango isifunguke barabarani, akapanda gari jeusi, mkwe akaketi pembeni yake, wakaondoka.

Ofisini simu ililia. Mpokea simu wetu aliipokea kwa sauti yake ya kazi.

"Vyoo vya kuhama, karibu."

"Ni mimi."

"Shikamoo, mkurugenzi. Uko wapi?"

"Niko chooni."

"Basi samahani, tutaongea ukimaliza." Akakata. Na yeye pia alilelewa vizuri.

Simu ikalia tena. "Usikate! Niko chooni na choo kinaondoka!"

Mama Treni alipigiwa. Simu yake ikalia mkobani, naye, kama tunavyomjua, akaimba. Mkwe alipigiwa, alipoiona namba asiyoijua alidhani ni mteja aliyewahi kumuuzia gari, akaizima kabisa.

Walipofika kwenye matuta kukaanza kusikika sauti ya kugonga. Ngo, ngo, ngo.

"Baba, hiyo sauti ni ya nini?" aliuliza Mama Treni.

"Hiyo ni kawaida, mama," alijibu mkwe bila kusita. "Gari za daraja hili huwa zinaongea. Ni mafuta yanajipanga."

Kilima kilipoanza, gari liliinamisha makalio na kuinua pua angani, skrini ikajaa taa nyekundu, gia zikawa zinapanda na kushuka kama mtu anayetafuta slipa gizani. Kugonga kukazidi, sasa kukiwa kwa ngumi mbili.

"Na hiyo?"

"Turbo, mama. Inapumua."

"Mbona kama inasema 'fungua'?"

Mkwe alisikiliza kwa makini, kisha akasema kwamba kuna teknolojia mpya.

Juu ya kilima Mama Treni aliegesha, akashuka, akafungua namba tatu. Mkurugenzi alitoka akiwa amelowa maji ya trela hadi kwenye tai, kitana kikiwa bado mkononi. Sote tunamfahamu kwa hasira zake, na mkwe alikuwa ameshaanza kurudi nyuma. Lakini mkurugenzi alilitazama gari jeusi, ambalo wakati huo lilikuwa linapiga magoti polepole na kutoa sauti ya mtu anayekata tamaa. Halikuinuka tena siku hiyo.

"Hili hapana," alisema. Akajifuta uso. "La pili liko wapi?"

Lori letu la zamani likakohoa hadi huko, likalirudisha trela yadi, nasi tukadhani anatania. Lakini alikataa katakata kupanda mbele. Alisema amelipima la kwanza akiwa chooni, na hawezi kuyaonea mengine kwa kuyapima akiwa kwenye kiti; haki ni haki. Fundi alimpa kofia yake ya kuchomelea, mpokea simu akampa mto wa kiti chake, na mkurugenzi wa kampuni akafungiwa tena namba tatu kwa hiari yake.

Gari la pili, jeupe, la petroli, lilivuta kwa nguvu za ajabu. Mkurugenzi alitoka akiwa mkavu na mwenye furaha. Ila lilisimama kituo cha mafuta wakati wa kupanda, likasimama tena wakati wa kushuka, na lilipozimwa likiwa na joto lilikataa kuwaka mpaka lipoe. Mama Treni alilifikiria likimfanyia vile mkurugenzi mbele ya wateja kila Jumanne, akatikisa kichwa.

La tatu lilikuwa na umri mkubwa kuliko yote, la dizeli, lenye rangi ya kijani ya mboga iliyochemshwa kupita kiasi. Viti vyake vya ngozi vilikuwa vya fahari, ingawa upande wa dereva vilikuwa vimepasuka. Redio haikufanya kazi, na mlango mmoja ulifunguka kwa nje tu. Lilikuwa la daktari wa mifugo aliyelitumia miaka mingi kuvuta trela la ng'ombe, na chini lilikuwa na springi za chuma, nene kama mkono wa mtu. Liliwaka mara moja. Lilipita matuta, likapanda kilima kwa gia ile ile bila kubadili sauti, likateremka, likaingia yadi. Wakagonga namba tatu. Kimya. Wakafungua komeo kwa hofu.

Mkurugenzi alikuwa amelala fofofo, kofia ya kuchomelea imemfunika uso, mto ameukumbatia. Fundi alitaka kumwamsha. Mama Treni akamzuia, akarudisha mlango polepole. Gari lilinunuliwa siku hiyo hiyo, mara mnunuzi alipoamka.

Nyumbani hakukulalika vizuri hivyo. Binti alimpigia mama yake akilia.

"Mama, ungesema tu hulitaki, kuliko kumuaibisha."

"Mwanangu, mimi sikusema neno. Aliyesema ni mkurugenzi, tena kwa ngumi."

Mzaha ule haukusaidia. Jumapili ikafika, mjukuu hakuletwa. Ikafika nyingine, hakuletwa. Kazini Mama Treni aliacha kuimba, na ndipo tulipojua uzito wa jambo, kwa sababu simu yake ililia mkobani mwake mwanzo hadi mwisho wa safari bila mpinzani.

Kisha mchana mmoja mkwe mwenyewe alikuja yadi kwa miguu. Gari jeusi alikuwa amemuuzia mwenye duka la nguo za harusi, nalo lilikuwa limepiga magoti mbele ya duka, mlangoni kabisa, likagoma kuinuka, na mabibi harusi watatu walikuwa wamefungiwa ndani na magauni yao. Alisimama mbele ya Mama Treni akiangalia viatu vyake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Hakuwa amekula. Alipewa chakula kwanza. Ndipo wakaenda, gari la kijani likalivuta lile jeusi kutoka mlangoni, mabibi harusi wakatoka mmoja mmoja wakipiga makofi, na mkwe akashika usukani wa gari lililokufa akivutwa na mama mkwe wake katikati ya mji, kwa mwendo wa kupitwa na baiskeli. Mama Treni hakumsema hata kidogo. Walipofika gereji, kijana alimrudishia mteja wake kila alichompa, kisha akamuuliza Mama Treni kama atakubali kuwa anamkagulia magari kabla hajayanunua.

"Nitakuja," alisema Mama Treni. "Ila nyuma utakaa wewe."

Amekaa nyuma tangu wakati huo. Hakuna gari linalouzwa na kijana yule bila yeye kufungiwa namba tatu na kupandishwa kilima, na wateja wake wameongezeka. Jumapili mjukuu analetwa asubuhi na hachukuliwi mpaka jioni.

Gari la kijani nalo limetupa sifa tusizozitafuta. Kwenye harusi moja mshereheshaji aliliona likikata kona kwa mwendo wa heshima, akadhani mgeni rasmi amewasili. Wageni wote wakasimama, bendi ikaanza kupiga, na trela la vyoo vinne likapita taratibu mbele ya umati uliosimama wima. Mama Treni alipunga mkono, kwa sababu aliona si adabu kutopunga. Alipopewa kipaza sauti alihutubia kwa ufupi: "Viko nyuma ya hema, maji yapo, sabuni ipo. Karibuni." Alishangiliwa kuliko mgeni rasmi aliyefuata.

Kuanzia wiki ijayo atafanya kazi na mkwe wake, kwa saa atakazopanga mwenyewe, akiwasaidia watu wanaotafuta magari ya kuvutia mashua, farasi, mizinga ya nyuki na chochote kingine. Binti yake ameahidi kuwa karani wao. Mumewe anashona mapazia ya ofisi.

Na wewe, Mama Treni, tunajua kwamba ukiisoma karatasi hii hapa ukumbini utakuwa umeshatoka nje mara mbili kuangalia dereva anayekupokea ameegeshaje. Magurudumu ameyawekea mawe mbele na nyuma. Trela limenyooka, tumelipima kwa glasi ya maji. Sasa keti, ule chakula kingali cha moto, maana sherehe zote hizi za watu zilikunyima hilo. Tunakushukuru kwa kila kilima ulichotupandisha. Tunakuombea afya, barabara laini na asubuhi ambazo hakuna anayekusubiri popote.

Usiinuke, mama. Leo sahani tutakuletea sisi.