Weka Spika, Redio

Nyuma ya soko la mbuzi la Mwingi, pale Faki anapoteleka birika lake la kahawa, kuna benchi la mbao ambapo madalali hukaa wakingoja malori yafike. Benchi hilo lina sheria moja. Ilianza siku dalali fulani aliponong'ona kwenye simu hadi akawaibia wenzake mteja. Tangu hapo, simu ya mtu ikiita, anaweka spika, kila sikio lipate haki yake. Asiyetaka na atafute benchi lingine, na dalali asiye na benchi wateja watampata wapi? Basi asubuhi hiyo simu ya Nyamai, ambaye wenzake humwita Redio, iliita mfukoni. Nyamai akaifinya ikanyamaza. Alijua ni Sista Kasiva, nesi wa zahanati, aliyemfikia nyumbani na simu yake ya kazi akamuuliza kama analala, kama chakula kinashuka. Tangu wamzike ndugu yake Kiilu, usingizi ulikuwa umemsusa kabisa. "Nitakuwa nakupigia," Sista alimwambia. "Usiposhika, nitajua siku ni mbaya."

— Redio, simu yako, — alisema Musembi, dalali mwenzake, mtu wa sauti kubwa na masikio makubwa zaidi.

— Wachana nayo. Ni hao watu wa kuuza nyimbo za simu.

— Ati nyimbo! Haya.

Faki alimimina kahawa.

— Mmemwona yule nesi anayezunguka na simu? Jana alikuwa kwa kina Mwanamisi. Auliza watu habari za mawazo yao, wallahi, nyumba kwa nyumba.

— Hiyo si simu, — alidakia Mwangangi, fundi wa simu pale pembeni, wanayemwita Injinia ingawa redio ya mama yake ilimshinda. — Mimi nimefungua simu nyingi. Hiyo iko na kitu ndani. Unajibu maswali, yenyewe inasikiza moyo. Ukidanganya, inatetemeka.

— Kila simu inatetemeka, Injinia.

— Hiyo inatetemeka kwa hasira!

— Msicheke, — alisema Faki. — Shemeji yangu kule Salama alikuwa aongea na ukuta. Nesi akampigia, akampigia, akapelekwa akapewa dawa. Sasa aongea na mkewe.

— Na mkewe anasema aje?

— Asema afadhali ukuta.

Benchi zima lilicheka. Nyamai naye alionyesha meno, kwa sababu wengine walikuwa wanaonyesha.

— Mnaona sasa? — Injinia alisimama kabisa. — Wazimu umeingia kwa simu! Ndio maana hao manesi wanachaji kila saa. Ikijaa, inapelekwa kumwagwa.

— Wapi?

— Nairobi! Hujaona watu wa huko wanatembea wakiongea peke yao?

— Asi! — Musembi alijipangusa machozi ya kicheko, kisha akakunja uso. — Lakini mimi hayo maswali siwezi jibu. Jina lako likiingia huko, umekwisha. Nani atapea mwendawazimu mbuzi wake auze?

Maneno hayo yalimwingia Nyamai kifuani yakakaa. Kikombe chake kilikuwa bado kimejaa. Na hapo hapo simu ikaita tena.

— Redio! — Musembi aliruka. — Huyo ni mteja, na unatuficha. Sheria unaijua. Weka spika ama utoke.

Nyamai aliitoa simu akaiangalia. Akikata, benchi amelipoteza. Akishika, watajua, na labda atalipoteza vilevile. Lakini asubuhi ile, akivaa viatu, alikuwa amejiambia kwamba hata asipokuja sokoni tena, hata asipokuwepo mahali popote, hakuna atakayekosa kitu. Wazo hilo lilimtisha kuliko Musembi. Akabonyeza.

— Nyamai? Ni Sista Kasiva. Umeamkaje?

Hakuna aliyecheka.

— Niko kijiweni, Sista. Nimekuweka spika.



— Basi nitapiga baadaye, ukiwa peke yako.

— Hapana. Peke yangu nimekaa nikachoka. Uliza tu.

— Umelala?

— Sijalala.

— Na chakula?

— Kinakwama.

— Na yale mawazo, kwamba heri usingekuwepo?

Nyamai aliangalia chini, kwenye viatu vyake.

— Yamekuja leo asubuhi. Ndio maana niliogopa kushika.

— Umefanya vizuri kuniambia. Usiende popote, nachukua pikipiki sasa hivi nakuja. Hapo uko na nani?

Musembi aliinama juu ya simu kama mtu anayezungumza na kisima.

— Sista, jina ni Musembi. Nafikiri mmekosea mtu. Huyu ni Redio! Mambo kama hayo Redio hana.

— Mbona mnamwita Redio?

Hapo wote walijibu kwa pamoja, wakiwa wamefurahi kupata swali rahisi.

— Hanyamazi!

— Bei za mbuzi, siasa, mahubiri, yote anayo!

— Kumzima hatuwezi, Sista!

— Sawa, — alisema Sista Kasiva. — Na leo amewaambia nini?

Musembi alifungua mdomo. Akamgeukia Injinia, Injinia akamgeukia Faki, naye Faki akaliangalia birika. Walijaribu kukumbuka ya jana. Walijaribu ya siku ya soko iliyopita. Walirudi nyuma mpaka matanga ya Kiilu, ambako wote walienda, wakabeba jeneza, wakala, wakarudi kwenye benchi kupiga domo. Kutoka hapo hawakukumbuka neno hata moja la Redio. Nyamai mwenyewe alitafuta kichwani, angalau awasaidie, akakosa.

— Haloo? Mko hapo?

Musembi alisogea kwenye benchi mpaka bega lake likagusana na la Nyamai, akabaki hapo. Lori likaingia sokoni, mbuzi wakaanza kushushwa, wateja wakaita madalali wao kwa majina, na hakuna aliyeinuka.