Vifaranga Chini ya Dirisha la Baba

KITINDA: Haloo? Nani mwenzangu? Namba hii siijui.

DADA: Ni mimi, dada yako. Simu yangu imezima, nimeazima hii.

KITINDA: Aa! Shikamoo, dada. Cherehani inasemaje?

DADA: Marahaba. Mbona kelele hivyo?

KITINDA: Niko bandani nafagia. Kuna mteja yuko njiani, kwa hiyo sema upesi—

DADA: Tausi wa jirani yangu amekufa.

KITINDA: Jirani yupi?

DADA: Mama wa duka la dawa. Niliyemleta kwako mwenyewe, kwa mdomo wangu. Ndege kaingia kwenye tangi la maji mchana kweupe. Katembea tu, kama anaingia chumbani kwake. Akazama.

KITINDA: Mpe pole. Lakini ndege akishatoka getini kwangu—

DADA: Alikuwa kipofu, Kitinda.

KITINDA: Mtandao mbaya, dada. Unakatika-katika.

DADA: Unanisikia vizuri sana. Mama wa watu ananiambia, alikuwa mpole huyu, nampungia mkono usoni hata hashtuki. Ashtuke na nini? Ulimwambiaje siku anamchukua?

KITINDA: Nilimwambia... ni mpole.

DADA: Hee! Mpole!

KITINDA: Sasa dada, usianze kupiga kelele—

DADA: Nimeyafunua macho yake kwa vidole vyangu. Yana ukungu kama kioo cha bafuni. Umempandisha yule dume wa rangi ya makaa na dada zake.

KITINDA: Watu wanataka rangi ya makaa! Hao wa bluu nani anawauliza? Na ile rangi haitoki hivi hivi, lazima damu zikutane.

DADA: Na ugonjwa unakutana humo humo. Baba alikuambia, au niliota? Dume wa makaa apewe jike wa nje, mwenye macho mazima. Akizaliwa mwenye macho mabaya, atunzwe mpaka afe, lakini asizae.

KITINDA: Baba alifuga kwa mapenzi. Mimi ndiyo kazi yangu.

DADA: Tena huyu si kifaranga wa juzi. Kishungi kimeshasimama, ni ndege mkubwa. Huyu ameanguliwa baba yuko kitandani.

KITINDA: (sauti ya ufagio)

DADA: Kitinda?

KITINDA: Nipo.

DADA: Kila nilipokuja alikuuliza, umewatenganisha? Mimi nimekaa pale, nimemshikia kikombe. Ukamwambia—

KITINDA: Nilimwambia ndiyo! Ulitaka nimjibuje mgonjwa? Nimpandishe presha?

DADA: Na banda liko chini ya dirisha lake. Vifaranga walipoanza kulia, ilikuwaje?

KITINDA: Dada, tuyaache haya.

DADA: Ilikuwaje?

KITINDA: Aliuliza, wale wanaolia ni nini. Nikamwambia ni vifaranga vya kuku.

DADA: Vya kuku.

KITINDA: Ndiyo.

DADA: Ulimwambia hivyo baba? Aliyekuwa akiweka yai la tausi sikioni akajua limebakiza siku ngapi kupasuka?

KITINDA: Hakubisha. Aligeukia ukutani. Nilidhani kapitiwa na usingizi.

DADA: Siku gani hiyo?

KITINDA: Sikumbuki.

DADA: Unakumbuka.

KITINDA: (mkwaruzo kwenye laini) ...Jumapili.

DADA: Jumapili aliyoanza kukataa uji.

KITINDA: Usiniwekee hilo, dada! Alikuwa anaumwa! Daktari mwenyewe alisema—

DADA: Sijasema kitu.

KITINDA: Lakini unalia.

DADA: Nalia vyangu. Huyo mteja wa leo anachukua nini?

KITINDA: Jozi.

DADA: Ya damu moja?

KITINDA: Ya makaa. Ndiyo aliyoitaka.

DADA: Mwambie wanapofuka. Mwambie asiwazalishe. Hilo tu, mdogo wangu, na sitakupigia tena kukusumbua.

KITINDA: Geti linagongwa. Amefika. Haya, dada, baadaye, eeh? Salimia shemeji— Karibu, mzee wangu! Karibu! Pita huku!

DADA: Kitinda, hujakata. Kitinda!

KITINDA: (kwa mbali) ...ndiyo hawa. Shika tu, wapole kabisa. Marehemu baba mwenyewe ndiye aliyewachagua, kabla hajatutoka...

DADA: Mzee! Wewe mzee hapo, unanisikia? Usimchukue! Angalia ma—

(Salio limekwisha.)