Nani Atashika Upinde wa Mzee Javan

Mheshimiwa Chifu wetu. Mchungaji na Mama Mchungaji. Mzee Javan, mwenye orutu yake, fidla yetu ya Kijaluo. Ndugu wageni mliotoka Kegonga pamoja na Mniko na ile iritungu yake, kinubi kikubwa kama beseni la kuogeshea mtoto. Akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mnaokalia ua wa watu: hamjambo nyote?

Kwa asiyenijua, mimi ni Chrispine, mwenyekiti wa matembezi haya ya baada ya mavuno, na nasema bila kujisifu kwamba bila mimi Mlima Homa ungesimama pale peke yake mpaka leo, hauna mtu wa kuutembelea. Miaka kumi na minane nimewatangulia kutoka hapa Simbi mpaka kileleni. Mwaka wa kwanza nilienda mbio hata kivuli changu kikabaki nyuma kikiomba maji. Hawa flamingo wa ziwani wakiniona huinuka wote kwa pamoja, na si woga, ni heshima. Tony, cheka polepole, nakuona.

Nimeambiwa nina dakika tano. Lakini si mnajua desturi yetu ya pakruok? Orutu ikilia, yeyote ana haki ya kuinua mkono, muziki unyamaze, ajisifu mpaka roho yake itulie, halafu muziki uendelee. Sasa kama orutu yenyewe huninyamazia, hii maikrofoni ya kukodi ni nani ianze kunihesabia dakika?

Tuje kwa Mzee Javan. Ndugu zangu, nani hapa hajawahi kutikisa mabega kwa sababu ya mtu huyu? Ana uzi mmoja tu na upinde wake, lakini katika kila boma tulilopita, palipowekwa uji wa mtama, alimtungia mama wa boma wimbo kabla hajaweka upawa chini. Alimwimbia Mama Susana, akaliimbia shamba lake, akamwimbia hata mbwa wake aliyemuuma mguu, na mbwa huyo tangu siku hiyo hutusindikiza mpaka mlimani kama askari.

Leo vidole vyake vimevimba. Jana nilimkuta anahangaika na kifungo kimoja cha shati, akaniambia, "Chris, omera, ndugu yangu, mimi nimemaliza. Lakini matembezi yasiishe." Basi mnajua tulivyo: upinde hukabidhiwa mbele ya watu, kabla ya hatua ya kwanza. Asipopatikana wa kuupokea asubuhi hii, tutatembea kimya kama watu wanaotoka mazishini, na mwakani nani atakuja? Tony amejitolea kubeba spika. Asante, Tony. Lakini spika itamwimbiaje mama aliyepika uji, na haijui hata jina lake?

Kuna mtu anayeweza. Ni Filister, binti ya dada yangu, aliyekaa miguuni pa Mzee Javan miaka sita. Katika ule mkutano wa Februari jina lake lilitajwa, na kuna mtu alisimama akasema mwanamke hawezi kutangulia wazee na orutu, kwamba mlima utakasirika, na akaongea saa nzima. Nani huyo? Semeni, msiogope. Haya, ni mimi. Filister alikuwa pale, anabambua njugu. Aliniangalia, akaendelea kubambua.

Kunyamaza kwake kumenisumbua tangu siku ile, kwa sababu alikuwa na neno moja la kunikalisha chini.

Mnakumbuka mwaka jana niliwachelewesha saa mbili? Nikawaambia kiboko ametoka majini akanizibia njia, nikamshika taya kwa mikono yote miwili tukatazamana mpaka akaona aibu? Mchungaji hata alikiombea kidole changu hiki.

Hapakuwa na kiboko.

Mtama wa Mama Susana ulichelewa kuvunwa, na ni mrefu kunishinda. Nikasema nipitie katikati, nifupishe njia. Nikazunguka, nikazunguka, nikakutana na nyayo, nikafurahi, kumbe ni zangu. Kidole nilijikwaa. Nilikuwa nimeanza kumwita Mungu kwa majina yote ninayoyajua, ya Kijaluo na ya Kiswahili, niliposikia orutu. Nikaufuata ule mlio kama ndama anayemfuata mama yake, nikatokea nyuma ya choo changu mwenyewe. Aliyekuwa ameketi kwenye jiwe akifanya mazoezi ni Filister.

"Mjomba, unatoka wapi?"

"Kupigana na kiboko."

"Kwa mtama?"

"Alikuwa amepotea."

"Pole, mjomba," akasema, akanitoa majani ya mtama kichwani moja moja. "Twende, watu wanangoja."

Mwaka mzima hakumwambia mtu. Hata Februari, nilipokuwa namnyima njia mbele ya kijiji, hakumwambia mtu. Sasa mimi nilimkatalia nini mtoto huyu? Mlima hauwezi kukasirika kuliko nilivyojikasirikia.

Kwa hivyo, Mheshimiwa Chifu, kwa ruhusa yako, neno langu la Februari nalirudisha hapa hadharani. Mzee Javan, mpe upinde. Mniko, shika iritungu yako umpokee. Filister, simama, mwanangu, usiangalie chini. Tangulia.

Nawashukuru kwa kunivumilia, masikio yenu yabarikiwe. Mengine nitayasema njiani.

Ila moja siwezi kwenda nalo. Miaka hii kumi na minane mlidhani ninawaongoza. Mimi nilikuwa natembea mbele, lakini sikio lilikuwa nyuma kwa Mzee Javan: orutu ikikata kushoto, nakata kushoto. Filister, piga kwa nguvu. Njia ya kwenda kule mlimani siijui.